MKANDARASI ANAPOCHUNGUZWA
Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Mada yetu inahusu jambo ambalo mara nyingi huachiwa wanasheria na wahandisi: serikali ifanye nini na mkandarasi anayetuhumiwa kwa rushwa, wizi au udanganyifu, wakati uchunguzi haujakamilika? Tumeona vema tulizungumze hapa kwa sababu ninyi ndio mnaoketi katika serikali za vijiji, kamati za shule, kamati za zahanati na Kamati za Maendeleo ya Kata. Uamuzi hupitishwa wilayani au mkoani, lakini matokeo yake hubaki kijijini kwenu, katika umbo la boma lisilo na paa.

1. Tatizo lilivyo

Tuchukue mfano. Kijiji kimepata fedha za kujenga zahanati. Mkandarasi amepokea malipo ya awali, amechimba msingi na kupandisha kuta hadi kwenye lenta. Kisha habari zinaenea kwamba zege lina saruji pungufu, kwamba nondo ni nyembamba kuliko zile zilizo katika michoro, na kwamba hati ya malipo imesainiwa na ofisa aliyepewa chochote. Wachunguzi wanafika, wanachukua mafaili na kuondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna anayejua la kufanya. Mhandisi anaogopa kuidhinisha malipo, mkandarasi anaondoa vifaa vyake, vibarua wanadai ujira wa wiki sita, mifuko ya saruji inagandia stoo, na mama mjamzito anaendelea kutembea mwendo mrefu kwenda kujifungua. Wakati huohuo mkandarasi yuleyule anaomba zabuni ya kujenga madarasa katika wilaya ya jirani, na anaipata.

Hapo pana maovu mawili kwa pamoja. Katika kijiji cha kwanza kazi imesimama kana kwamba mkandarasi amekwisha kuhukumiwa. Katika wilaya ya pili anakabidhiwa fedha za umma kana kwamba hakuna lililosemwa juu yake. Chanzo cha maovu yote mawili ni kimoja: muda ulio kati ya tuhuma na hukumu hauna utaratibu unaofuatwa. Kila mtu hufanya aonavyo, na mara nyingi huona kwamba kilicho salama kwake ni kunyamaza.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, fedha za umma zikiendelea kuvuja wakati tunangoja hukumu, hukumu itakuta hakuna cha kuokoa. Lakini wako pia wanaopenda kusema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo ukifanywa kuwa kanuni ya serikali, mfanyabiashara mwenye wivu atatumia barua isiyo na jina kumwangusha mwenzake aliye mwaminifu, na ofisa aliyenyimwa hongo atamlipiza kisasi aliyemnyima. Yatupasa basi kutafuta njia inayoziba ufa pasipo kumzika mtu akiwa hai.

2. Haki mbili zinazokutana

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatupa misingi ya njia hiyo katika ibara mbili. Ibara ya 13(6) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, nayo inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika. Ibara ya 27 nayo inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Ibara ya kwanza inamlinda anayetuhumiwa. Ya pili inamlinda yule mama anayetembea kwenda kujifungua.

Wako wanaodhani kwamba ibara hizi zinapingana, na kwamba ni lazima tuchague moja. Sivyo. Kumnyima mtu uhuru wake, jina lake jema au mali yake pasipo kumsikiliza ni dhuluma, na tunakumbuka jinsi Nikodemo, katika Injili ya Yohane, alivyowahoji Mafarisayo wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Lakini hakuna mtu mwenye haki ya kuzaliwa nayo ya kupewa zabuni ya serikali. Zabuni ni amana. Anayeweka amana anaruhusiwa kusubiri kidogo, akauliza maswali na kupata majibu, kabla ya kukabidhi amana nyingine kwa mtu aliyetiliwa mashaka ya msingi. Akifanya hivyo kwa utaratibu, hajamhukumu mtu.

3. Fundisho kutoka Lesotho

Ili tusizungumze kwa nadharia tupu, tutazame yaliyotokea Lesotho, nchi ndogo ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Mwaka 1986 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa Mradi wa Maji wa Nyanda za Juu za Lesotho. Maji ya milimani yangekusanywa katika mabwawa makubwa, likiwemo bwawa la Katse lenye ukuta wa mita 185, na kupelekwa kwa mahandaki hadi Afrika Kusini, nayo Lesotho ingelipwa. Iliundwa mamlaka ya serikali ya kusimamia kazi hiyo, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mhandisi Masupha Sole. Kampuni kubwa za ujenzi na za ushauri wa kihandisi kutoka Ulaya, Canada na Afrika Kusini zilipata mikataba, na Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa wakopeshaji.

Ukaguzi wa hesabu ulipoonyesha kasoro, mkuu huyo alisimamishwa kazi mwaka 1994, na mwaka 1995 akaachishwa. Serikali ikamfungulia kesi ya madai ili irudishiwe fedha zake. Katika kufuatilia kesi hiyo ziligunduliwa akaunti zake katika benki za Uswisi, na baada ya mvutano mrefu mahakamani wakuu wa Uswisi walitoa kumbukumbu za akaunti hizo. Zilionyesha fedha zikitoka kwa kampuni zilizokuwa na mikataba, zikipita kwa mawakala, na kuishia kwake. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Lesotho ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 18, ambacho mahakama ya rufani ilikipunguza kuwa miaka 15.

Lesotho haikuishia kwa mpokeaji. Iliwashtaki pia watoaji. Septemba 2002 kampuni ya Acres International ya Canada ilitiwa hatiani, na mwaka 2003 kampuni ya Lahmeyer International ya Ujerumani. Zote mbili zilikata rufani, na hukumu za hatia zikathibitishwa, ingawa faini ya Acres ilipunguzwa. Nchi yenye watu wapatao milioni mbili ilithubutu kufanya kile ambacho mataifa tajiri yalikuwa yakisita kukifanya.

Sasa tuangalie upande wa pili, ule wa taasisi iliyokuwa na mamlaka ya kuzizuia kampuni hizo zisipate kazi nyingine. Habari za tuhuma zilikuwa wazi tangu mwaka 1999. Benki ya Dunia ilifanya uchunguzi wake, na mapema mwaka 2002 kamati yake iliamua kwamba ushahidi juu ya Acres haukutosha. Baada ya mahakama za Lesotho kumaliza kazi yao, Benki ililifungua tena shauri hilo, na Julai 2004 ikaifungia Acres kwa miaka 3. Lahmeyer ilifungiwa Novemba 2006 kwa muda wa miaka 7, na masharti ya kuupunguza ikishirikiana. Hesabuni wenyewe. Kati ya hatia ya Acres katika mahakama ya kwanza na kufungiwa kwake ilipita miezi 22. Kwa Lahmeyer ilipita zaidi ya miaka 3.

Tunasema haya pasipo nia ya kuilaumu Benki kwa kuisikiliza kampuni kabla ya kuamua. Kusikiliza ni haki. Tena Benki ilifanya vema kulirudia shauri ushahidi mpya ulipopatikana, maana uamuzi wa kwamba ushahidi haujatosha si cheti cha usafi wa milele. Lililokosekana ni daraja la katikati, yaani hatua ya muda inayosema: tunachunguza, kwa hiyo kwa sasa hatukupi kazi mpya, nawe utajibu katika siku kadhaa. Baadaye kanuni za Benki zilirekebishwa, na leo kampuni yaweza kusimamishwa kwa muda shauri lake likiendelea. Aidha, Aprili 2010 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine tatu za maendeleo zilikubaliana kwamba kampuni iliyofungiwa na mojawapo kwa zaidi ya mwaka mmoja yaweza kufungiwa na zote. Njia ya kuhamia wilaya ya jirani, kama tulivyoona katika mfano wetu, ilianza kuzibwa.

4. Utaratibu wa haki una sehemu gani?

Nchi na taasisi mbalimbali zimejifunza kwa uchungu, na kanuni zao zinafanana katika mambo matano.

Kwanza, zinatofautisha kusimamisha na kufungia. Kusimamisha ni hatua ya muda wakati wa uchunguzi. Kufungia ni uamuzi unaotolewa baada ya mambo kuthibitika. Kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani zimekuwa zikitaka ushahidi wa kutosha kwa hatua ya kwanza, na ushahidi wenye uzito zaidi kwa hatua ya pili. Uvumi mtupu hautoshi kwa yoyote kati ya hizo.

Pili, mtuhumiwa hupewa taarifa ya maandishi yenye sababu, pamoja na nafasi ya kujibu. Katika kanuni hizo za Marekani, mkandarasi hupewa siku 30 za kuleta utetezi wake baada ya kupokea taarifa. Mtu anayeambiwa tu kwa simu kwamba jina lake limekatwa hajatendewa haki, hata kama kweli ni mwizi.

Tatu, muda una kikomo. Huko Marekani kusimamishwa kumewekewa miezi 12 ikiwa mashtaka hayajafunguliwa, muda unaoweza kuongezwa kwa ombi la wanasheria wa serikali hadi usizidi miezi 18. Kufungiwa nako kwa kawaida hakuzidi miaka 3. Uchunguzi usio na mwisho ni adhabu isiyo na hukumu, tena humpa ofisa mbovu kamba ya kumfunga na kumfungua mtu kwa bei.

Nne, lengo la hatua hizi ni kuilinda hazina ya umma. Adhabu ni kazi ya mahakama. Kwa sababu hiyo kampuni iliyokosea, ikiwaondoa wahusika, ikarudisha fedha na kurekebisha uendeshaji wake, yaweza kupunguziwa muda au kufunguliwa. Mlango wa toba na urekebisho unabaki wazi.

Tano, majina ya waliofungiwa hutangazwa ili kila ofisi ya umma iyajue. Orodha iliyofichwa katika droo ya mkurugenzi haimlindi mtu yeyote.

Kuna jambo la sita linalosahaulika, nalo ni kazi iliyokwisha kuanza. Kumzuia mkandarasi asipate zabuni mpya hakumaanishi kwamba mkataba wa zamani unakufa papo hapo. Ofisi husika haina budi kuamua, kwa maandishi, kama kazi itaendelea chini ya usimamizi mkali zaidi, au mkataba utavunjwa kwa kufuata masharti yake na mwingine atafutwe. Kuliacha boma linyeshewe kwa miaka mitatu, huku kila mmoja akingojea barua ya mwenzake, ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

5. Hali ya nchini kwetu

Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilieleza jinsi rushwa ilivyokuwa imeota mizizi nchini, ikiwa ni pamoja na katika utoaji wa zabuni na mikataba. Tangu wakati huo tumepiga hatua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ilitungwa mwaka 2001, ikafuatiwa na ile ya 2004 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA, kisha ya 2011 na ya 2023. PPRA ina uwezo wa kuwafungia wazabuni na kutangaza majina yao. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufani katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inaweza kumfuta mkandarasi katika daftari lake. TAKUKURU huchunguza makosa ya rushwa, naye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake kila mwaka.

Vyombo basi vipo. Hata hivyo, kila chombo kina faili lake, na faili hazitembei zenyewe. Ili PPRA imfungie mtu, kwa kawaida ofisi iliyofanya naye mkataba huanza kwa kupeleka mapendekezo pamoja na vielelezo. Ofisi hiyo ikinyamaza kwa woga, kwa uzembe au kwa kuwa mtumishi wake mwenyewe alishiriki, mkandarasi hubaki safi katika orodha ingawa kijiji kizima kinajua alichokifanya.

Suala la rada nalo linatufundisha jinsi jina la kosa linavyoweza kubadili mambo. Serikali yetu ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama mjini London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo iliyoyafanya kwa wakala wake hapa Tanzania. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ililipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha ambazo zilitumika kununua vitabu vya shule na madawati. Madawati hayo tunayashukuru. Lakini tuelewe pia kwamba kosa la kumbukumbu za hesabu halikuwa miongoni mwa yale yaliyolazimisha kampuni kuzuiwa katika zabuni za umma chini ya sheria za Ulaya za wakati ule, ilhali kosa la rushwa lilikuwamo. Maelewano ya namna hiyo kati ya mchunguzi na mchunguzwaji yakifanyika, mwananchi ana haki ya kuuliza: je, fedha zimerudi, na je, milango ya zabuni imebaki wazi kama zamani?

6. Wajibu wetu

Tunapenda sasa kutaja mambo ambayo kiongozi wa mlei anaweza kuyafanya mahali alipo, pasipo kungoja amri kutoka juu.

Kabla ya kazi kuanza, ulizeni kama jina la mkandarasi limeangaliwa katika orodha ya waliofungiwa na katika daftari la Bodi. Ulizeni pia wenye kampuni ni akina nani, kwa kuwa aliyefungiwa jana anaweza kurudi leo kwa jina la shemeji yake.

Kazi inapoendelea, wekeni kumbukumbu. Andikeni tarehe, idadi ya mifuko ya saruji iliyoshushwa, unene wa nondo, na majina ya waliokuwapo. Maneno ya barazani husahaulika, bali daftari lililotunzwa na kamati ya ujenzi ni ushahidi ambao mchunguzi ataushukuru, nalo litamsaidia pia mkandarasi mwaminifu anayesingiziwa.

Tuhuma zikijitokeza, zipelekeni kwa maandishi kwenye ofisi inayohusika na kwa TAKUKURU, mkitenganisha mliyoyaona kwa macho na mliyoyasikia. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili yenu, nayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawaruhusu kuomba majibu. Ombeni pia kazi ipimwe upya na mhandisi ambaye hakusaini hati za kwanza, ili ijulikane ni kiasi gani kimejengwa na kimelipwa. Vifaa vilivyo stoo viorodheshwe. Ujira wa vibarua usisahauliwe, maana hao hawakutia saini mkataba wowote wala hawakugawana hongo.

Mwisho, tuanzie nyumbani. Parokia zetu nazo hujenga makanisa, shule na nyumba za mapadre, na fedha zake ni sadaka za wajane na wakulima. Kama halmashauri ya parokia haiwezi kumwomba mkandarasi wake hesabu kwa sababu ni mfadhili wa harambee au ndugu wa mwenyekiti, tutasema nini mbele ya mkurugenzi wa wilaya? Tuwe na kanuni yetu iliyoandikwa: nani hupokea malalamiko, nani husikiliza, kwa siku ngapi, na kwamba mwenye maslahi katika shauri hatoi uamuzi.

Ndugu wapendwa, serikali inayomhukumu mtu kwa uvumi haitofautiani sana na ile inayomlipa mwizi kwa kusubiri. Zote mbili zimekwepa kazi ngumu ya kutafuta ukweli kwa wakati. Tuzidai ofisi zetu zifanye kazi hiyo kwa maandishi, kwa muda uliowekwa, na mbele ya macho ya watu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna jengo la umma lililosimama kwa sababu ya uchunguzi? Nani anapaswa kutujibu lini litaendelea?

2. Tunatofautishaje tuhuma yenye msingi na uvumi? Toeni mifano pasipo kutaja majina ya watu.

3. Vibarua na mafundi wadogo hupata hasara gani mkandarasi anaposimamishwa? Kamati zetu ziwasaidieje?

4. Parokia yetu ina utaratibu gani wa kushughulikia malalamiko juu ya wajenzi wake? Kama hauna maandishi, tukubaliane leo nani atauandika na lini ataleta rasimu.